Salamu kumi kwa sekunde moja

Juzi mwanagenzi mmoja ninayemsaidia katika kazi yake alinitumia rasimu ya itifaki ya uelekezaji, yaani kanuni za kuitafutia data njia, aliyoibuni kwa ajili ya mtandao wa adihoki, yaani ule usio na mnara wala ruta kuu, ambamo kila kifaa kinatembea na kila kifaa kinabeba pakiti (vifurushi vya data) za wenzake. Rasimu ilikuwa safi. Majedwali yameelezwa vizuri, vichwa vya pakiti vimechorwa biti kwa biti. Kisha ukurasa wa pili nikakuta sentensi iliyonifanya niweke kalamu chini: kila nodi, yaani kila kifaa, itatuma ujumbe wa salamu kwa majirani kila baada ya milisekunde 100, ili kiungo kikikatika kijulikane papo hapo.

Nilimwelewa kabisa. Nodi zinahama, viungo vinakatika, na pakiti inayotumwa kwa jirani aliyeshaondoka ni pakiti iliyopotea. Anayeanza kazi hii huogopa kuchelewa kujua, na dawa inayomjia haraka ni kuuliza mara nyingi zaidi. Sikutaka kumwandikia neno "punguza" bila sababu. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu, na kwa kuwa ningependa kila anayeingia kwenye kazi hii aifanye kwa mkono wake walau mara moja, naiweka hapa.

Tuseme redio ni za 802.11b, aina ya zamani ya Wi-Fi, na salamu inabeba baiti 16 tu: anwani, namba ya mfuatano, muda wa kuishi, basi. Baiti hizo hazisafiri peke yake. Kila tabaka la mtandao linaweka kichwa chake: UDP inaongeza 8, IP inaongeza 20, LLC 8, na fremu, yaani bahasha ya redio yenyewe, ina 24 mwanzoni na 4 za ukaguzi mwishoni. Jumla ni 80, sawa na biti 640. Salamu ni tangazo la kwa wote, nalo hurushwa kwa kasi ya msingi, na kasi hiyo ikiwa megabiti 1 kwa sekunde, biti hizo zinakaa hewani mikrosekunde 640. Kabla yake kuna utangulizi ambao redio hutumia kusawazishana, mikrosekunde 192. Na kabla ya utangulizi, anayetaka kusema lazima asubiri hewa itulie kwa mikrosekunde 50. Tumefika mikrosekunde 882, na ujumbe tuliotaka kuufikisha ni 128 tu kati ya hizo.

Sasa weka nodi 50 mahali zinaposikiana zote. Kila moja ikisalimu mara 10 kwa sekunde, hizo ni salamu 500. Zidisha kwa 882: milisekunde 441 katika kila sekunde. Asilimia 44 ya hewa imekwisha na hakuna aliyemtumia mwenzake hata herufi moja ya maana. Hapo sijaweka muda wa kusubiri wa kubahatisha, wala migongano.

Waliotunga AODV, itifaki inayotafuta njia pale tu inapohitajika, katika RFC 3561 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti), Julai 2003, waliweka salamu moja kwa sekunde, na kiungo kinahesabiwa kimekufa salamu 2 zisipofika. Kwa nodi zile zile 50 na fremu ile ile, inakuwa milisekunde 44 kwa sekunde. Tofauti ya mara kumi, nayo yote inarudi kwa watumiaji.

Nilimwandikia kwamba kwenye waya, kiungo kati ya A na B ni mali yao wawili. Wakipiga gumzo, C hasumbuki. Kwenye redio, A akisema na B, kila aliye karibu nao ananyamaza, atake asitake. Pakiti inayopita miruko minne, yaani inayorushwa kutoka nodi hadi nodi mara nne, inachukua hewa mara nne, na mara nyingi ni hewa ya mtaa ule ule, kwa sababu mruko wa pili unasikika bado kwenye eneo la mruko wa kwanza. Kwa hiyo mtu akiniambia itifaki yake ina ufanisi kwa kuwa ujumbe wake ni mdogo, namuuliza: inanyamazisha nodi ngapi, kwa muda gani, mara ngapi? Baiti 16 au 24 katika ule mfano hapo juu ni tofauti ya mikrosekunde 64 juu ya 882. Idadi ya mara unazofungua mdomo ndiyo inayoamua.

Akanijibu haraka, na swali lake lilikuwa la haki: kama nikisalimu mara moja kwa sekunde na kusubiri salamu mbili zikosekane, si nitachelewa sekunde 2? Nodi inayokwenda mita 20 kwa sekunde itakuwa imesogea mita 40.

Ni kweli. Lakini kuna shahidi mwingine ambaye humlipi chochote. Fremu ya 802.11 inayokwenda kwa mlengwa mmoja hurudishiwa risiti na mpokeaji. Risiti isiporudi, redio inarusha tena, kwa kawaida hadi mara 7 kwa fremu fupi, kisha inakata tamaa. Hapo inaweza kuliambia tabaka la juu, yaani itifaki ya uelekezaji: huyu simpati. Habari hiyo inakuja ndani ya makumi machache ya milisekunde, na inakuja pale tu unapokuwa na kitu cha kutuma. Nodi isiyo na cha kutuma haina haja ya kujua kila dakika kama jirani bado yupo. Data yenyewe inafanya kazi ya upelelezi.

Lakini mtego wake ninaujua kwa sababu niliwahi kuuingia. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na vifaa 12 mezani, vyote vimetulia, hakuna kinachosogea hata inchi. Nikaanzisha uhamishaji wa faili kubwa kati ya viwili vilivyo mbali zaidi. Katika logi nikaona njia zinavunjika. Si moja, si mbili. Kila sekunde chache: kiungo kimekatika, taarifa ya hitilafu imetumwa, ombi la njia limerushwa, njia imepatikana, kiungo kimekatika. Mtandao uliokaa tuli ukawa unajiona unakimbia.

Nilikaa na logi ile hadi nikaielewa. Redio haijui kutofautisha jirani aliyeondoka na jirani aliyezidiwa na kelele. Faili lile kubwa lilijaza hewa, fremu zikagongana, risiti zikapotea, na itifaki yangu ikatafsiri kila kushindwa kuwa ni kuondoka. Kwa kila "kuondoka" ikamwaga ombi la njia mtandao mzima. Maombi hayo yakajaza hewa zaidi, yakasababisha migongano zaidi, nayo ikazaa "kuondoka" kwingine kwenye viungo ambavyo havikuwa na tatizo lolote. Dawa ndiyo iliyokuwa inaeneza ugonjwa.

Nilichobadilisha ni kidogo. Fremu ikishindwa, jirani anawekwa kwenye hali ya kushukiwa, hazikwi. Pakiti nyingine, tofauti na ile ya kwanza, ikishindwa kwake ndani ya muda mfupi, ndipo tunatangaza. Na kama kuna njia ya pili ya kumfikia mlengwa, inajaribiwa kimya kimya kabla ya kumsumbua mtu mwingine yeyote. AODV nayo ina breki zake: nodi hairuhusiwi kuanzisha maombi zaidi ya 10 kwa sekunde, na ombi lisipojibiwa muda wa kusubiri unaanzia milisekunde 2,800 na kuongezeka maradufu kila jaribio. Nilipoanza niliona breki hizo kama uzembe. Baada ya meza ile yenye vifaa 12 naziona kama kiini cha itifaki.

Ombi la njia lenyewe linastahili kukaliwa, maana hapo ndipo hewa nyingi hupotea. Wazo ni rahisi: simjui mlengwa yuko wapi, kwa hiyo namwambia kila jirani, naye anamwambia kila jirani wake, mpaka afikiwe. Kila nodi inarudia mara moja tu. Kwenye mtandao wa nodi 50 hizo ni takriban matangazo 50 kwa kutafuta njia moja, nayo ni matangazo ya kwa wote, ambayo hayana risiti. Likigongana, limepotea na hakuna anayejua.

Mwaka 1999 Ni, Tseng, Chen na Sheu waliita hali hii dhoruba ya matangazo, na walifanya jambo ninalolipenda: walipima eneo. Jirani yako akirudia ulichosema, ataongeza eneo jipya gani? Akiwa ukingoni kabisa mwa masafa yako, ni asilimia 61 tu ya duara lake. Kwa wastani, akiwa popote ndani ya masafa, ni asilimia 41. Ikiwa ameshausikia ujumbe mara mbili kabla ya kuurudia, wastani unashuka hadi asilimia 19. Akishausikia mara nne au zaidi, kurudia kwake kunaongeza chini ya asilimia 5. Asilimia 95 ya sauti yake inawafikia waliokwisha kusikia.

Kutokana na hesabu hiyo kanuni moja inajichora yenyewe: ukipokea ombi, subiri kidogo kwa muda wa kubahatisha, hesabu umelisikia mara ngapi, na ukifika kiwango fulani nyamaza. Mistari michache ya programu. Mimi huweka kiwango cha 3 au 4 mahali penye msongamano, na nakiondoa kabisa pale nodi inapokuwa na majirani wachache, kwa sababu nodi inayounganisha makundi mawili ikinyamaza, kundi la pili halitasikia kamwe. Muda huo wa kubahatisha nao usiuone mdogo. Bila huo, majirani wote wanaolisikia ombi kwa wakati mmoja watalirudia kwa wakati mmoja, na nodi iliyo katikati yao, inayowasikia wote ilhali wao hawasikiani, itapata kelele tupu.

OLSR, itifaki inayoweka njia tayari muda wote, iliyowekwa katika RFC 3626 mwezi Oktoba 2003, inakuja kwa njia nyingine. Kila nodi inachagua miongoni mwa majirani zake wachache wanaotosha kuwafikia wote walio miruko miwili mbali, na hao wachache tu ndio wanaorudia matangazo yake. Wengine wanasikia na kukaa kimya. Ni wazo zuri sana, na linafaa hasa nodi zikiwa nyingi na zimebanana. Bei yake ni kwamba lazima uwe na picha sahihi ya miruko miwili, na picha hiyo huchakaa haraka watu wakianza kutembea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulikubali.

Nilikuwa na kifaa kimoja mkononi, kingine nimekiacha mwisho wa ukumbi mrefu wa jengo. Skrini imegawanyika mara mbili: juu jedwali la majirani, chini pakiti za data za baiti 1,500 zinazokwenda na kurudi. Nikaanza kutembea kinyumenyume. Mwanzoni kila kitu kijani. Nikaendelea. Data ikaanza kukosa moja, mbili, kisha tatu mfululizo, kisha ikakauka kabisa. Nikatazama juu: jirani yupo, salamu zake zinafika, jedwali limetulia kabisa. Nikaendelea kurudi nyuma, hatua baada ya hatua, na salamu zikaendelea kufika. Itifaki ingeapa kwamba kiungo kipo. Kwa mwenye data, hakikuwepo.

Watafiti wa Uppsala, Uswidi, Lundgren, Nordström na Tschudin, walikwisha kulielezea jambo hilo mwaka 2002 na kuliita ukanda wa kijivu. Sababu zake unaweza kuzikisia ukikumbuka hesabu ya mwanzo. Salamu inarushwa kwa kasi ya msingi, megabiti 1 au 2, ambayo inafika mbali; data inarushwa kwa megabiti 11, ambayo inahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi. Salamu ni fupi. Data ni ndefu. Kama fremu ya baiti 80 inafika kwa uwezekano wa asilimia 95, na makosa ya biti yanatokea bila kutegemeana, fremu ya baiti 1,500 kwenye hewa hiyo hiyo na kwa kasi hiyo hiyo itafika kwa asilimia 38 tu. Na salamu inakwenda upande mmoja. Kukusikia hakumaanishi kwamba nawe unanisikia.

Kisha linakuja jambo baya zaidi. Itifaki inayochagua njia yenye miruko michache inapendelea miruko mirefu, na miruko mirefu ndiyo iliyo kwenye ukanda wa kijivu. Haiangukii humo kwa bahati mbaya; kanuni yake yenyewe inaitafutia viungo dhaifu kuliko vyote vilivyopo.

Mwaka 2003 De Couto, Aguayo, Bicket na Morris wa MIT walitoa kipimo kinachoitwa ETX: idadi ya mara unazotarajia kurusha fremu mpaka ifike na risiti irudi. Unagawa 1 kwa uwezekano wa kwenda uliozidishwa kwa uwezekano wa kurudi. Kiungo kirefu kinachofikisha nusu kila upande kina gharama ya 4. Kiungo kifupi cha asilimia 90 kila upande kina gharama ya 1.23, kwa hiyo miruko mitatu ya namna hiyo inagharimu 3.70. Miruko mitatu imekuwa nafuu kuliko mmoja. Nilipoiona hesabu hii kwa mara ya kwanza nilirudi kwenye logi zangu za zamani na kuzisoma upya zote.

Mwanagenzi wangu alifurahi sana hapo, akataka kuingiza ETX moja kwa moja kwenye rasimu. Nikamzuia kidogo. ETX inapima kwa kuhesabu salamu zilizofika ndani ya dirisha la muda, na dirisha la awali lilikuwa sekunde 10. Kwa vifaa vilivyofungwa juu ya paa, sekunde 10 si kitu. Kwa mtu anayetembea, hiyo ni habari ya mahali alipokuwa. Draves, Padhye na Zill walilijaribu hili mwaka 2004: vifaa vikitulia, ETX ilifanya vizuri, mtumaji alipoanza kutembea, kuhesabu miruko kulikuwa bora, kwa sababu kunabadilika upesi. Kipimo sahihi kilichochelewa kilishindwa na kipimo kisicho makini kinachowahi.

Ninachofanya mimi sasa, na ningependa kuona watu wengi zaidi wakikijaribu, ni kutumia ubora wa kiungo kama mlango, si kama alama. Kiungo kisichofika kiwango fulani kwenye dirisha fupi hakiingii kwenye jedwali hata kidogo. Kilichopita mlangoni kinahesabiwa mruko mmoja kama kingine chochote. Mlango wa kuingia nauweka juu kidogo kuliko wa kutokea, ili kiungo kilicho mpakani kisiwe kinaingia na kutoka kila sekunde na kuwachosha majirani kwa matangazo.

Namba za mfuatano nilitaka kuzipita haraka, lakini rasimu ilikuwa na kosa lile lile nililowahi kufanya, kwa hiyo nalieleza.

Perkins na Bhagwat, walipoitoa itifaki ya DSDV mwaka 1994, walitatua tatizo la vitanzi, yaani pakiti kuzunguka bila kufika, kwa namna ambayo bado naiona ya kupendeza. Kila nodi inaweka namba kwenye habari zinazoihusu yenyewe, na namba hiyo daima ni shufwa. Jirani akigundua kiungo kimekatika, yeye ndiye anayetangaza habari hiyo, akiongeza 1: namba inakuwa witiri, na umbali unakuwa usio na kikomo. Ni tangazo la msiba. Yeyote mwenye namba ndogo zaidi anajua habari yake ni ya zamani na anaitupa. Kwa njia hiyo uvumi wa jana haushindi habari ya leo.

Itifaki yangu ilifuata kanuni hiyo, ikiongeza 2 kila sekunde 5. Lakini niliongeza ujanja wa kubana hewa: njia zilizokufa zinabaki kwenye jedwali la ndani, ila hazitangazwi tena. Kwa nini kupoteza hewa kuzungumzia waliokwisha kuondoka? Baada ya jaribio la saa 6, namba zilikuwa zimefika 8,640. Kifaa cha 7 kikaishiwa betri. Majirani wakaandika 8,641, amekufa. Nikabadilisha betri, kikawaka, kikaanza kuhesabu upya: 2, 4, 6.

Kilikuwa kinaongea vizuri kabisa. Majirani walikuwa wanasikia salamu zake, jina lake lipo kwenye jedwali la majirani. Lakini kila tangazo lake la njia lilitupwa, kwa sababu 6 ni ndogo kuliko 8,641. Kwao, hizo zilikuwa habari za zamani za nodi iliyokufa. Kwa kasi ya 2 kila sekunde 5, kingehitaji saa 6 nyingine ili waanze kukiamini. Na kwa kuwa niliwazuia kutangaza njia zilizokufa, hakikuwa na namna yoyote ya kusikia kwamba kimetangaziwa msiba. DSDV ya asili isingekwama hivyo: nodi ikisikia kifo chake kikitangazwa, inajibu kwa namba kubwa zaidi. Mimi nilikuwa nimelikata sikio hilo ili kuokoa hewa.

Suluhisho lilikuwa fremu moja. Nodi ikisikia jirani aliye hai akitaja namba yake iliyo ndogo kuliko tunayoishikilia, inamwambia yeye peke yake: mimi ninayo 8,641. Naye anaruka hadi 8,642 na kuendelea na safari. AODV ina njia yake: nodi iliyowaka upya inakaa bila kushiriki kutafuta njia mpaka kumbukumbu za wenzake ziishe, sekunde 15 kwa thamani za kawaida. Zote mbili zinafaa. Kilicho muhimu ni kwamba swali la kuwaka upya liulizwe siku ya kwanza ya ubunifu. Na hata ukiliuliza, usidhani namba peke yake zinakulinda: mwaka 2013 van Glabbeek, Höfner, Tan na Portmann walionyesha kwamba maandishi ya AODV yanasomeka kwa namna zaidi ya moja, na kwamba baadhi ya usomaji huo huzaa vitanzi ingawa namba za mfuatano zipo.

Swali la AODV au OLSR, ambalo huulizwa kuliko yote, nitalijibu kwa ufupi. Angalia nani anazungumza na nani. Kama jozi chache zinazungumza kwa vipindi na nodi zinahama sana, tafuta njia inapohitajika. Kama karibu kila mmoja anazungumza na kila mmoja na mwendo ni wa pole, weka njia tayari. Wengi tuko katikati, na Babel, itifaki nyingine ambayo toleo lake la RFC 8966 lilitoka Januari 2021, inanivutia kwa sababu inakubali njia iliyo mbaya kidogo kwa muda mfupi, lakini haikubali ile inayoweza kuleta kitanzi.

Kuhusu simulesheni: vigezo ambavyo wengi tunavirithi, nodi 50 kwenye uwanja wa mita 1,500 kwa 300, sekunde 900, mwendo wa hadi mita 20 kwa sekunde, vinatoka kwenye ulinganisho wa itifaki uliofanywa na Broch na wenzake wa mwaka 1998. Vitumie ili kujilinganisha na wengine, lakini usianzie mwendo kwenye sifuri. Yoon, Liu na Noble walionyesha mwaka 2003 kwamba nodi ikiruhusiwa kuchagua mwendo ulio karibu na sifuri, wastani wa mwendo wa mtandao mzima unashuka taratibu kadiri muda unavyopita, na mwisho unajikuta unapima mtandao uliosinzia ukidhani unakimbia.

Jana usiku rasimu ya pili imefika. Milisekunde 100 zimefutwa. Badala yake salamu inaanza kila sekunde 1. Mambo yasipobadilika, kipindi kinaongezeka maradufu hadi sekunde 8. Jirani mpya akitokea au wa zamani akipotea, kinarudi 1. Wazo amelichukua kwenye Trickle, kanuni ya kupanga vipindi vya matangazo iliyo katika RFC 6206, na amelichukua vizuri.

Nilikuwa nimeanza kuandika pingamizi moja nikakuta ameshaliweka mwenyewe pembeni. Nodi mbili za peke yake zinakuja uso kwa uso, kila moja mita 20 kwa sekunde, masafa ya redio mita 250. Zinasikiana kwa njia ya mita 500, zikikaribiana kwa mita 40 kila sekunde: sekunde 12.5, kisha zimeachana. Kama zote mbili zimetoka kusalimu muda mfupi kabla ya kuingia kwenye masafa, zinaweza kukaa hadi sekunde 8 kati ya hizo 12.5 kila moja ikidhani iko peke yake. Ameshusha kikomo hadi sekunde 4, na chini yake ameandika kwa kalamu hesabu ya hewa kwa nodi 50, mikrosekunde kwa mikrosekunde, pamoja na zile 50 za kusubiri ambazo wengi huzisahau.

Jumamosi tunaweka vifaa kwenye mikoba na kutembea.